Je, Kila Mwenye Kugeuka ni Kigeugeu?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Yako maneno mengi ya kumdharau kiongozi, lakini hapa shuleni petu neno lililo jepesi kuliko yote ni "kigeugeu". Katika midahalo yetu, msemaji atakaye kupigiwa makofi hana haja ya kutafuta hoja. Hutaja tu kwamba mheshimiwa fulani alisema hivi mwaka ule, na baadaye akasema vile. Ukumbi mzima hucheka, na mambo yamekwisha. Muhula huu tulijadili habari za viongozi waliounga mkono vita kisha wakavipinga, au waliovipinga kisha wakaviunga mkono. Hoja iliyoshinda ni kwamba mtu wa namna hiyo hafai kuongoza. Mimi sikuikubali hoja hiyo, na kwa kuwa muda wa kusema ulikuwa dakika chache tu, naomba nafasi katika gazeti letu nieleze kwa nini.

Kwanza natazama vita vyenyewe. Vita si kitu kimoja tangu mwanzo hata mwisho. Huanza kwa sababu moja, na mara nyingi huendelea kwa sababu nyingine. Siku ya kwanza watu huhesabu bunduki. Siku ya mia sita huhesabu makaburi na watoto wenye njaa. Basi kiongozi asemaye neno lile lile siku ya kwanza na siku ya mia sita, huenda ni mtu imara; lakini huenda pia ni mtu asiyetazama.

Sisi watu wa pwani tungepaswa kulifahamu jambo hili upesi kuliko wengine. Wazee wetu wenye majahazi, walipotoka Kilwa kwenda Lindi wakati wa kusi, hawakuweza kwenda moja kwa moja, maana upepo uliwakabili. Iliwabidi kubisha: chombo huelekea upande huu, kisha hugeuzwa kuelekea upande ule, tena na tena. Mtu aliyesimama ufukoni asiyejua bahari angedhani nahodha amepotea. Kumbe bandari aliyoikusudia ni ile ile. Lakini iko pia bendera juu ya mlingoti, nayo hugeuka, na wahenga walisema bendera hufuata upepo. Vyote viwili vyageuka, jahazi na bendera. Kazi yetu ni kujua kipi ni kipi.

Sasa nitoe mfano, nao ni wa nchi yetu wenyewe.

Hapana Mtanzania asiyejua kwamba Mwalimu Julius Nyerere alipenda umoja wa Afrika. Mwaka 1960, kabla Tanganyika haijapata uhuru, alisema yuko tayari kuuchelewesha uhuru huo ikiwa kufanya hivyo kutaziwezesha Kenya, Uganda na Tanganyika kuungana. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Mwezi wa Julai mwaka ule ule, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Cairo, alikuwa mbele katika kupitisha azimio kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru. Na jimbo la Katanga lilipojitenga na Kongo mwaka 1960, Mwalimu alikuwa miongoni mwa waliolipinga jambo lile. Kwa ufupi, kama ungemwuliza mtu yeyote mwaka 1965 ni kiongozi gani wa Afrika hatakubali kamwe nchi ya Kiafrika ikatwe vipande, pengine angekutajia jina lake.

Tarehe 30 Mei 1967, Kanali Ojukwu alitangaza kwamba Jimbo la Mashariki la Nigeria limejitenga, na jina lake ni Biafra. Mwezi wa Julai vita vilianza. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ulipokutana Kinshasa mwezi wa Septemba, ulisimama upande wa Nigeria nzima. Lakini tarehe 13 Aprili 1968, Tanzania ilitangaza kwamba yaitambua Biafra kuwa nchi huru. Ilikuwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Baadaye, mwezi wa Mei, zilifuata Gabon, Ivory Coast na Zambia.

Hebu fikiri jambo hili lilivyowashtua watu. Yule yule aliyesema mipaka isiguswe, sasa aitambua nchi iliyouvunja mpaka. Yule yule aliyeikataa Katanga, sasa aikubali Biafra. Nigeria ilikasirika ikavunja uhusiano wa kibalozi na nchi yetu. Kama midahalo yetu ingalikuwako siku zile, bila shaka tungalisema: kigeugeu!

Lakini Mwalimu alifanya jambo ambalo kigeugeu halifanyi. Alieleza sababu zake. Serikali ilitoa taarifa ndefu siku ile ya kutambua, na mwezi ule ule wa Aprili yeye mwenyewe aliandika makala katika gazeti la Observer la London, ili hata wale wasiomkubali wazisome hoja zake. Alieleza kwamba mwaka 1966 watu wa Mashariki, hasa Waibo, waliuawa kwa maelfu huko Kaskazini mwa Nigeria, na wengine wengi sana wakakimbilia kwao wakiwa wameacha mali zao zote. Alikumbusha kwamba Januari 1967 viongozi wa pande zote mbili walipatana huko Aburi, nchini Ghana, na mapatano yale hayakutimizwa. Tena alisema kwamba umoja wa kweli husimama juu ya ridhaa ya watu. Serikali ipo kwa ajili ya kuwalinda watu. Watu wakiona kwamba serikali yao haiwezi tena kuwalinda, au haitaki, huwezi kuwalazimisha kwa mizinga waipende.

Tazama, basi, kilichogeuka na ambacho hakikugeuka. Shabaha yake ilikuwa kwamba Mwafrika aishi kwa amani na heshima katika nchi yake. Umoja aliupenda kwa sababu uliitumikia shabaha hiyo. Alipoona kwamba mahali pamoja umoja umekuwa sababu ya watu kuuawa, aligeuza tanga. Huku ndiko kubisha. Wala hakuwa na faida ya kutafuta. Nigeria ilikuwa nchi kubwa kuliko zote za Afrika kwa wingi wa watu, yenye mafuta, na Afrika karibu yote ilikuwa upande wake. Nchi maskini kama yetu ilikuwa na rafiki wa kupoteza na haikuwa na cha kupata.

Walakini sitaki msomaji adhani kwamba waliompinga walikuwa wajinga. Hoja zao zilikuwa na uzito, na naona ni haki nizitaje. Walisema: Afrika ina makabila mamia kwa mamia; ikiwa kila kabila lililodhulumiwa litajitenga, je, itabaki nchi gani? Sisi wenyewe Tanzania tuna makabila zaidi ya 120. Walisema pia kwamba Jimbo la Mashariki halikuwa la Waibo peke yao. Walikuwako Waibibio, Waefik, Waijaw na wengine, na si wote waliotaka kuwa raia wa Biafra. Kama ridhaa ya watu ndiyo msingi, ridhaa ya hao nayo iko wapi? Tena wako waliosema kwamba kutambuliwa na nchi chache kuliwapa watu wa Biafra tumaini lisilo na nguvu, na hivyo kurefusha vita. Vita vilidumu hata Januari 1970, na waliokufa, wengi wao watoto kwa njaa, hukadiriwa na wengi kuwa milioni moja au zaidi.

Sisi wa pwani ya Kilwa na Lindi hatuhitaji kuelezwa sana njaa ya vita ni nini. Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi wilayani Kilwa. Wajerumani walipoona hawawezi kuwamaliza wapiganaji kwa bunduki peke yake, walichoma vijiji, ghala na mashamba. Serikali yao ilikadiria kwamba waliokufa ni watu 75,000. Wako wanahistoria wanaosema walifikia 300,000. Na wengi wao waliuawa na njaa, si risasi. Kwa hiyo mtu wa kwetu asomapo habari za watoto wa Biafra, hasomi habari za mbali.

Je, Mwalimu alikosea au alipata? Wako waalimu wetu wanaoona hivi na wengine vile, na mimi sina cheo cha kuwaamulia. Neno langu ni moja tu: tunaweza kubishana naye hata leo kwa sababu alituachia hoja zake. Tunajua alifikiri nini, aliona nini, na kwa nini aligeuka. Mtu anayegeuka hivyo humheshimu raia, maana amempa kitu cha kupima.

Katika vita hivyo hivyo yuko mtu mwingine aliyegeuka, tena kwa upande wa pili. Naye ni Dokta Nnamdi Azikiwe, aliyekuwa Rais wa kwanza wa Nigeria, Mwibo kwa kabila. Mwanzoni aliunga mkono Biafra na kusafiri katika nchi za Afrika kuitafutia kutambuliwa. Mwaka 1969 aliiacha, akarudi upande wa Nigeria moja, akasema kwamba hofu ya Waibo kuangamizwa wote haikuwa na msingi, na kwamba vita vimalizwe. Wengi wa Biafra walimwita msaliti. Walisema ameona Biafra inashindwa, ndipo akakimbia. Lakini vita vilipokwisha, Jenerali Gowon alitangaza kwamba hapana mshindi wala mshindwa, na maangamizi yale yaliyoogopwa baada ya kusalimu amri hayakutokea. Mateso na umaskini vilikuwako vingi, lakini si maangamizi. Kwa hiyo matusi yale hayakutusaidia kujua kama Azikiwe alikuwa na haki au hana. Kilichosaidia ni kutazama alichosema na kukilinganisha na kilichotokea.

Watu wawili wenye akili, vita vile vile, mmoja ageukia huku na mwingine kule. Kama kugeuka peke yake ni kosa, basi wote wawili hawafai. Kama kutogeuka peke yake ni sifa, basi mwenye sifa kuliko wote ni jiwe.

Sasa niseme juu ya kugeuka ambako mimi nakulaumu. Marekani ilikuwa na Waziri wa Ulinzi aliyeitwa Robert McNamara, aliyeshika kazi hiyo tangu 1961 hata Februari 1968. Yeye ni mmoja wa wale walioipeleka nchi yao ndani kabisa ya vita vya Vietnam. Mwaka 1965 alishauri askari waongezwe kwa wingi. Kufika mwaka 1967 moyo wake ulikuwa umegeuka. Alimwandikia Rais Johnson kwa siri kwamba njia ile haitaleta ushindi. Kisha aliondoka katika kazi ile, akanyamaza. Hakuwaambia wananchi wake kwamba ameacha kuviamini vita ambavyo watoto wao walikuwa wakiitwa kwenda kupigana. Alingoja hata mwaka 1995 ndipo alipotoa kitabu akikiri kwamba walikosea vibaya. Waamerika waliokufa katika vita vile ni zaidi ya 58,000, na zaidi ya nusu yao walikufa baada ya yeye kuondoka. Waliokufa wa Vietnam ni wengi mara nyingi zaidi.

Mtu huyu hawezi kuitwa kigeugeu katika midahalo yetu, maana mbele ya watu hakugeuka kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini na mitano. Msimamo wake ulionekana kama ule ule. Lakini naona ukimya wake ulikuwa na madhara makubwa kuliko vigeugeu mia. Ndiyo maana naogopa desturi yetu ya kumcheka kila anayebadili neno lake. Kiongozi akijua kwamba atachekwa akigeuka, atafanya nini? Atajifunza kugeuka moyoni na kunyamaza kinywani. Na wakati anapotunza jina lake, askari waendelea kufa.

Basi mimi napendekeza tuwapime viongozi kwa maswali matatu, mahali pa lile neno moja la matusi.

La kwanza: kilichogeuka ni nini? Ikiwa mambo yenyewe yamebadilika, au yamejulikana mambo yaliyofichika kwanza, kugeuka ni akili. Ikiwa kilichobadilika ni kura tu, au mfadhili, au nani ameshika madaraka, hiyo ni bendera juu ya mlingoti.

La pili: je, amesema waziwazi? Anayegeuka kwa haki husema, "Jana nilisema hivi, leo nasema vile, na sababu yangu ni hii." Anayegeuka kwa hila hudai kwamba hakusema kamwe lile la jana.

La tatu: amegeuka wakati gani? Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wazee wetu katika vita vya Maji Maji. Ni neno jema, na si haba kwa mkuu wa nchi kuja mwenyewe kulisema. Lakini lilikuja miaka 118 baada ya vita kuanza. Hakuna hata mmoja wa walionyimwa chakula aliyekuwa hai kulisikia. Kugeuka kunakookoa watu ni kule kunakokuja wakati risasi bado zinalia. Kunakokuja baadaye husaidia historia, nako tukupokee kwa shukrani, lakini tusikuhesabu sawa.

Haki yataka maswali haya tumwulize hata yule tumpendaye. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa 1978, shabaha iliyotangazwa ilikuwa kumfukuza mvamizi katika ardhi yetu. Tarehe 11 Aprili 1979 askari wetu, pamoja na Waganda waliompinga Amin, waliiteka Kampala, na Amin akakimbia. Julai mwaka ule, katika mkutano wa wakuu wa Afrika huko Monrovia, viongozi wa Sudani na Nigeria walimlaumu Mwalimu kwa kuvuka mpaka, na lawama hiyo ilimgusa mtu aliyesimamia azimio la Cairo. Mimi naona sababu zake zilikuwa na nguvu, kwa kuwa Amin angebaki angeweza kurudi, na Waganda waliteswa sana chini yake. Lakini swali la pili bado lafaa kuulizwa: je, shabaha ilipokua kutoka mtoni Kagera hata Kampala, wananchi waliambiwa kwa uwazi kama ule wa mwaka 1968? Kuuliza hivyo si kumvunjia heshima. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu, na mwalimu mwema hakasiriki kwa swali.

Najua jibu la wale walionishinda katika mjadala. Watasema: "Askari aliye mbele ya adui ataka kiongozi asiyeyumba. Leo umtume vitani, kesho useme vita havifai. Je, aliyekufa jana alikufa kwa ajili gani?" Hili ni neno zito, na kwa mzazi aliyempoteza mwana ni neno chungu. Lakini jibu lake ni lipi? Je, tuendelee kuua wengine elfu ili wale mia wa kwanza wasionekane wamekufa bure? Maji yakimwagika hayazoleki. Heshima ya waliokufa ni kuusema ukweli juu ya kilichowaua, na kuwazuia wadogo zao wasifuate pasipo sababu.

Nayasema haya kwa sababu hayako mbali nasi. Disemba 2017 askari wa Tanzania zaidi ya kumi waliokuwa wakilinda amani waliuawa kwa siku moja huko mashariki ya Kongo, na kila mmoja wao alikuwa mwana wa nyumba fulani. Katika darasa letu wako wanaotamani kwenda jeshini, nami nawatakia heri. Sisi sote tunaomaliza mwaka huu tuko karibu na umri wa kupiga kura. Muda si mrefu watu watatujia wakitaka tuwachague, na wengine wao watakuwa na madaraka ya kuwatuma wenzetu vitani au kuwarudisha. Ikiwa tulichojifunza shuleni ni kupiga kelele "kigeugeu", tutachagua wale wanaojua kunyamaza vizuri.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wenzangu wanafunzi, msemaji akisema katika mjadala kwamba fulani aligeuka, tusimpigie makofi mpaka aeleze aligeuka kutoka wapi, kwenda wapi, na kwa sababu gani. Waalimu wetu wa Historia na Uraia, mtusaidie kupata hotuba na maandiko ya viongozi wenyewe tuyasome, kwa maana mambo mengi tunayoyajua tumeyasikia kwa simulizi tu. Na wazazi wetu, tunapokuwa nyumbani likizo, mtuambie mlifikiri nini juu ya vita vya Kagera vilipoanza na vilipokwisha, ninyi mliokuwako. Na kama mawazo yenu yalibadilika njiani, mtuambie pia kilichoyabadilisha. Hatutawaita vigeugeu.